Yuro Mia Tisa za Adelmo

Kitendawili: nina nyumba yenye jina langu mlangoni, ufunguo ninao mfukoni, lakini nikitaka kuingia sharti mwingine aniruhusu. Ukishindwa nipe mji, nami nitakupeleka kwa Viorica, maana Jumamosi ile jioni alibisha hodi kwenye nyumba hiyo mara tatu, na mara zote tatu alifukuzwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa akaunti yake ya benki. Alisimama mbele ya mashine ya kutolea pesa, pale ukutani jirani na duka la dawa la Monselice, akaingiza kadi, akabonyeza namba ya siri huku amekinga vidole kwa kiganja. Mashine ikaimeza kadi, ikanguruma kidogo, ikaitema. Muamala hauruhusiwi. Akaifuta kadi kwenye sketi, akarudia. Hauruhusiwi. Mara ya tatu hata mashine yenyewe ilionekana kuona haya.

"Nimefanya nini mimi?" akaiuliza, kana kwamba ingemjibu.

Hela zilikuwemo. Alijua zimo, mpaka senti. Na tawi lilikuwa limefungwa hadi Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi.

Hapo ndipo moyo wake ulipomkimbilia Loris, wala si kwa mapenzi. Ulimkimbilia kwa shaka.

Loris alikuwa mchumba wake. Mwenyeji wa hapo hapo Monselice, fundi wa mitambo ya maji moto, mwanamume wa miaka arobaini na sita mwenye kucha nyeusi za kazi na sauti ya chini chini. Walikutana miaka miwili nyuma, alipoitwa kutengeneza mtambo nyumbani kwa Mama Ines, bibi kizee ambaye Viorica aliajiriwa kumtunza na kulala naye nyumba moja. Siku hiyo alitengeneza kwa saa moja, akanywa kahawa kwa saa tatu. Wiki iliyofuata akarudi kutengeneza mtambo ambao haukuwa umeharibika. Sasa harusi yao ilibakiza wiki tatu.

Lakini tangu Jumatano Loris hakuwa Loris. Walikuwa jikoni kwa Mama Ines, yeye anamenya viazi, Loris anazungusha kikombe kitupu mezani. Mara akauliza, bila kuinua macho:

"Hivi, mbali na wewe, nani mwingine anaijua namba yako ya siri?"

"Mungu," alijibu Viorica akicheka.

Loris hakucheka. Alipoondoka alimbusu kwenye paji la uso, busu baridi, kama mtu anayeaga maiti. Alhamisi hakupiga simu. Ijumaa aliandika maneno mawili tu. Na Jumamosi mashine ikasema hauruhusiwi.

Mwanamume anauliza habari za namba ya siri, kisha siku tatu baadaye akaunti inafungwa. Viorica aliyageuza hayo kichwani njia nzima akirudi kwa Mama Ines. Hata wifi yake mtarajiwa, Ornella, aliyemkumbuka sasa, ambaye humwangalia mkoba kabla ya kumwangalia uso, akamwona anaingia vizuri kwenye hesabu hiyo.

Hofu yake haikuwa ya hela zake peke yake. Angekuwa ni yeye tu, angekula mkate mkavu hadi Jumatatu akanyamaza. Ndani ya akaunti ile zilikuwemo pia hela za wanawake wengine watatu.

Mambo yalikuwa hivi. Viorica alikuwa na miaka minane nchini Italia, na vibali vyake vyote vilikuwa sawa. Wenzake watatu waliotoka naye wilaya moja huko Moldova, Raisa, Claudia na Steluta, nao walikuwa watunzaji wa wazee kama yeye, lakini karatasi zao bado zilikuwa kwenye foleni. Benki haimfungulii akaunti mtu ambaye karatasi zake ziko kwenye foleni. Na watoto wa wale wazee nao hawataki kulipa mshahara mkononi, wanataka hela ipite benki iache nyayo. Basi wale watatu wakatoa namba ya akaunti ya Viorica. Kila mwisho wa mwezi mishahara inaingia kwake, Ijumaa anaitoa dirishani, Jumapili anamgawia kila mmoja bahasha yake. Wakaapishana, viganja juu ya mkate mzima, kwamba hataambiwa mume wala tajiri, maana tajiri akijua hela inapitia kwa mtu mwingine ataogopa, na mwenye kuogopa hufukuza.

Ijumaa hii Mama Ines alikuwa na homa, Viorica hakutoka. Ndiyo maana akaitegemea mashine, ampatie walau Steluta, maana wale wengine wangeweza kusubiri. Steluta hakuweza.

*

Jumapili adhuhuri ilimkuta mjini Padova, kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya kiwanja cha mpira, mahali ambapo kila wiki Wamoldova wanajaa kama wako sokoni kwao. Mabasi madogo meupe yamejipanga, milango ya nyuma iko wazi. Maboksi yanapimwa kwa mizani ya kuning'iniza: mafuta ya zeituni, kahawa, sabuni ya unga, viatu vya watoto wanaokua kwa haraka kuliko simu zinavyoonyesha. Madereva wanaandika majina kwa kalamu nene. Huku wanawake wamekaa juu ya masanduku wanakula plachinta, mikate bapa ya jibini na ya kabichi, na kupitishiana mvinyo wa nyumbani kwenye chupa ya soda.

Hela zilipelekwa na dereva Simion. Mtu angeuliza, si mzitume kwa benki? Thubutu. Mama zao waliwahi kuweka akiba ya maisha yao benki kule nyumbani, wakaamka siku moja akiba ya miaka thelathini haitoshi kununua hata ndoo. Simion hana dirisha la kioo, ana daftari na masharubu, lakini Jumanne jioni anapiga honi kwenye geti lako na hela inashuka ilivyopanda.

"Huyo kaja!" Raisa alimwona kwanza. Raisa alikuwa na miaka hamsini na minane, mwili mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. "Bi harusi wetu! Njoo ukae. Mbona mkoba umebana kwapani kama kuku wa wizi?"

Viorica alikaa. Akawaeleza kwa sauti ndogo. Mashine, kadi, mara tatu, Jumatatu.

"Yaani," Claudia akasema polepole, yule mwembamba mwenye miwani, "hela ipo lakini haipo."

"Ipo. Imefungiwa tu."

"Na nani?"

"Sijui."

"Hujui." Claudia akamtazama Raisa, Raisa akautazama mkate wake. Viorica aliuona ule mtazamo ukipita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, akahisi uso unawaka.

"Semeni tu," akasema.

"Hatusemi kitu, mwenzangu," Raisa akajibu. "Mimi nafikiria tu jinsi harusi zilivyo ghali siku hizi. Gauni. Viatu. Ukumbi. Na wakwe wa Kiitalia wanapenda samaki wakubwa."

"Dada Raisa!"

"Nafikiria tu! Kufikiria nako kunakatwa ada?"

Steluta, mdogo wao wa miaka ishirini na sita, hakufikiria kwa sauti. Alianza kulia tu, machozi yakidondokea kwenye koti. Nyumbani kwa mama yake paa lilikuwa limeshaezuliwa tangu Alhamisi. Mafundi walikuwa wamelala kwenye mabati mapya wakisubiri yuro mia sita ndipo wapande juu. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa analala na bibi yake chini ya turubai, na mvua za Oktoba hazikuwa zinasubiri mtu.

"Simion anaondoka saa nane na nusu," Steluta akasema. "Dada Viorica, niambie kweli. Kama umeitumia, niambie tu nijue nimwambieje mama."

Viorica aliuvuta mkoba mapajani. Miaka miwili amewabebea hela zao, hajawahi kukosea hata senti, na leo mashine moja imempaka masizi usoni mbele ya watu wake. Akafungua mkoba, akatoa kila alichokuwa nacho: yuro sitini na tano. Akaziweka mapajani mwa Steluta.

"Hizi ni zangu. Zako zipo, nakuapia. Na aliyezifunga nadhani namjua."

"Nani?" wakauliza wote.

Hakuhitaji kujibu. Katikati ya mabasi, akikwepa masanduku na watoto, Loris alikuwa anakuja. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu la Jumapili, nywele amechana kwa maji, na mkononi ameshika bahasha. Moyo wa Viorica, mjinga yule, uliruka kwa furaha kama ulivyozoea kabla haujakumbuka kwamba unashuku.

"Shemeji!" Raisa akaita. "Karibu plachinta! Lo, mbona leo kavaa uso wa msibani?"

Loris aliwasalimia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwa Viorica tu, na yalikuwa na wekundu wa mtu asiyelala.

"Tunaweza kuzungumza pembeni?"

"Zungumza hapa hapa," Viorica akasema. "Pembeni umeshafanya mengi."

Loris akashtuka. "Mengi gani?"

"Wewe ndiye ulikuja na barua. Anza wewe."

Ilikuwa barua ya benki, taarifa ya miezi mitatu. Viorica aliitambua kwa rangi. Mwezi wa tisa alibadilisha anwani yake benki akaandika ya Loris, maana ndiko atakakohamia. Siku ile aliandika ile anwani mpya kwa mwandiko wa kupendeza kuliko jina lake mwenyewe. Sasa bahasha ilikuwa imepasuliwa juu, safi, kwa kisu.

"Nani kaifungua?"

"Ornella. Anasema alidhani ni bili ya gesi."

"Jina langu linafanana na bili ya gesi?"

"Viorica, sikiliza. Mimi sikutaka kusoma. Yeye ndiye alinisomea, mezani, mbele ya chakula, mstari kwa mstari. Nikamwambia nyamaza. Hakunyamaza. Akasema, si nilikwambia, hawa wanakuja na sanduku moja wanaondoka na nyumba. Nikamtetea. Nimekutetea siku nne." Akaitoa karatasi. "Lakini sijui tena namtetea mtu gani. Kila mwezi. Adelmo, yuro mia tisa. Renzo, mia nane na hamsini. Gianfranco, mia sita. Wanaume watatu! Kila mwezi hawakosi, na kila mwezi unazitoa zote siku moja, zinapotea. Mimi nakutumia hela ya viatu vya harusi na kukuomba samahani kwa uchache wake, kumbe…"

"Kumbe nini?" Viorica akauliza. Sauti yake ilikuwa ya utulivu, na waliomjua waliogopa. "Malizia. Unadhani nawauzia nini hao wanaume, Loris?"

"Sijasema unauza."

"Umesafiri mpaka Padova usiseme?"

"Nakuuliza tu! Adelmo ni nani? Niambie ni baba mdogo, niambie ni tajiri wako wa zamani, niambie uongo wowote ule, nitauamini! Lakini usinyamaze!"

Watu wa mabasi ya jirani waligeuka. Viorica aliuma mdomo. Jibu alikuwa nalo ulimini, fupi kama jina, na kiapo kilikuwa kimelishika. Akawatupia jicho wenzake. Dakika tano zilizopita walikuwa wanapima gauni lake la harusi kwa hela zao. Asingewaomba kitu.

"Siwezi kukwambia," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Loris aliinamisha kichwa. Alipokunja ile karatasi aliikunja taratibu mno, na Viorica, ambaye alikuwa amekasirika mpaka kwenye kucha, alitamani kuzishika zile kucha nyeusi azifiche kwenye viganja vyake.

"Shemeji," Raisa akasema, mdomo umejaa jibini. "Hebu rudia hilo jina la kwanza."

"Mama Raisa, tafadhali, haya ni ya kwetu wawili."

"Rudia."

"Adelmo. Adelmo Furlan."

Raisa akameza. Akaweka mkate chini. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, kisha lile boksi alilokalia, na kicheko kikamtoka, kikaruka mpaka mabasi ya mwisho.

"Adelmo wangu! Jamani, shemeji anamwonea wivu Adelmo wangu! Ana miaka tisini na moja, mwanangu! Meno yake nayaweka mimi kwenye glasi! Juzi kaniita mama akanililia nimnunulie baiskeli!"

"Na Renzo ni wangu," Claudia akasema, akisukuma miwani. "Kiziwi. Ananiandikia kwenye ubao niharakishe supu."

Loris aliwatazama mmoja mmoja, mdomo wazi.

"Dada Raisa, kiapo," Viorica akanong'ona.

"Kiapo nilikula mimi, nakitapika mimi. Wewe ungekufa nacho hapo umesimama, nami ningeendelea kutafuna, Mungu anisamehe." Akajifuta vidole, akamgeukia Loris. "Kitendawili, shemeji! Sema tega."

"Mama Raisa…"

"Sema!"

"Tega."

"Wanawake wanne, mfuko mmoja. Watatu wanalala usingizi, wa nne anaubeba. Ni nini hicho?"

Simion alikuwa ameacha kupima, mizani inaning'inia mkononi mwake. Loris aliiangalia karatasi, akamwangalia Steluta na zile yuro sitini na tano mapajani, akamwangalia Viorica. Viorica aliona jibu likimwingia usoni, na nyuma ya jibu aliona kitu kingine kikiingia, kibaya zaidi.

"Akaunti ya Viorica," akasema kwa sauti iliyokufa. "Ni mishahara yenu."

"Umepata! Hatutaki mji!" Raisa akapiga makofi. "Haya, mbusu mwenzio yaishe."

Lakini Loris hakusogea, wala Viorica. Viorica alikuwa anakitazama kile kitu cha pili.

"Loris," akasema, "akaunti yangu imefungwa tangu jana. Nani kaifunga?"

Loris akaikunja tena ile karatasi, ndogo zaidi.

"Jumatano uliniuliza namba ya siri. Nani kaifunga?"

"Alhamisi nilikwenda tawini," Loris akasema. Alisema akiangalia chini. "Denis yuko dirishani pale, tulisoma naye darasa moja. Nikamwonyesha karatasi. Nikamwuliza kama anawajua hao watu. Akaniambia Loris, siruhusiwi kukwambia kitu, akaunti si yako. Nikaondoka. Naapa, nikaondoka. Lakini kwa vile nimeshamwonyesha na kumwuliza, akasema yeye analazimika kupeleka swali juu, ndiyo taratibu zao. Sikujua watafunga. Nilidhani… sikuwa nadhani. Nilikuwa na wivu tu."

Kicheko cha Raisa kilikuwa kimekauka. Claudia alivua miwani. Steluta ndiye aliyesema, kwa upole uliochoma kuliko tusi:

"Kwa hiyo mwanangu ananyeshewa kwa sababu ya wivu wako, kaka."

Akamweleza. Paa, mafundi, turubai, saa nane na nusu. Loris alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Kisha akakimbia. Mwanamume wa miaka arobaini na sita, koti la Jumapili likipepea, akavuka barabara huku magari yanampigia honi, mpaka kwenye mashine iliyo kona ya pili. Akarudi anahema. Kadi yake ilimruhusu mia tano kwa siku. Akaigeuza mifuko, akapata noti mbili za hamsini na sarafu.

"Mia sita," akamwambia Steluta. "Si mkopo, na si zawadi. Ni mshahara wako, nimeuchelewesha mimi. Nyie wengine, Jumatatu jioni…"

"Sisi tutasubiri," Claudia akakatiza. "Tuna paa."

Steluta akazisukuma zile sitini na tano mkononi mwa Viorica. Akamkumbatia, kichwa kifuani, kama mtoto aliyevunja sahani. "Nisamehe, dada." Kisha akamkimbilia Simion, ambaye alilamba kidole, akaandika daftarini: mama wa Steluta, mia sita, paa.

Ndipo simu ya Loris ikalia. Akaitazama, akasita. Sauti ya Ornella ilitoka kwa nguvu, maana alikuwa mtu wa kupiga kelele simuni kana kwamba simu ni kiziwi.

"Vipi? Umemkamata?"

Wote walisikia. Viorica aligeuza uso upande wa mabasi. Hakutaka kumwona Loris akitafuta maneno laini ya kujificha nyuma yake, kama alivyowahi kumwona meza kadhaa za Jumapili.

"Nimekamatwa mimi, Ornella," Loris akasema. Alisema wazi, mbele ya wanawake wale, dereva na watoto waliokula plachinta. "Hana kosa hata moja. Zilikuwa hela za wenzake, anawatunzia. Kosa ni langu, nimekwenda kumchongea benki. Na wewe, usifungue tena barua yake. Hata kama ni bili ya gesi."

Akakata. Simu ikalia tena, akaizima.

Raisa alikohoa. "Haya, Claudia, njoo tukapime lile boksi la kahawa."

"Tulishalipima."

"Tukalipime tena!"

Wakabaki wawili kati ya masanduku. Loris alikuwa karibu kiasi kwamba Viorica alisikia harufu ya ile sabuni yake ya mafundi, ya ndimu na mchanga. Aliipenda harufu ile. Ilimuudhi kwamba bado aliipenda.

"Kwa nini hukuniambia?" Loris akauliza. "Miaka miwili, Viorica. Ningekusaidia kubeba."

"Niliogopa ungemwambia Ornella."

Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. "Huenda ningemwambia."

"Basi na mimi nina kosa. Niliapa kwa mkate, nikakuacha unalala na maswali. Na jana, Loris, nilidhani unataka kuniibia. Nilikupima kwa kipimo kile kile ulichonipimia. Lakini unajua uligusa nini? Nilipofika nchi hii nilikuwa nalala kwenye kitanda cha mtu, nakula kwenye sahani ya mtu, hata mswaki nilipewa. Kwenda benki mara ya kwanza, yule keshia alinipigia kelele kama kiziwi, nikasaini karatasi kumi na moja sikuelewa hata moja. Lakini nilitoka na kadi yenye jina langu. Nilikaa kituo cha treni nikaisoma mpaka treni ikafika. Ndicho kitu cha kwanza katika nchi hii nilichokuwa nakifungua na kukifunga mwenyewe. Wewe ukaenda kukigonga kwa mlango wa nyuma."

Macho ya Loris yalijaa. Hakuyafuta.

"Tufungue moja," akasema kwa haraka. "Ya pamoja. Jina lako na langu. Uone zangu zote, nione…"

"Hapana."

"Hapana?"

"Kila mtu na yake. Na kila mtu na barua zake. Siku nikitaka uione, nitakufungulia nikuonyeshe, kwa sababu nataka. Unaweza kuishi hivyo?"

Loris alichukua muda. Viorica alifurahi kwamba alichukua muda, maana jibu la haraka asingeliamini.

"Sijui kama najua namna," akasema mwishowe. "Lakini naweza kujifunza."

Honi ya Simion ikapiga. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na basi dogo jeupe likajivuta kuelekea barabara kuu, likiwa limebeba sabuni, kahawa na paa la Steluta. Wanawake walilipungia mpaka likapotea.

"Kesho benki watataka mikataba ya wote watatu," Viorica akasema, "na barua za matajiri wao. Sijui watasemaje. Huenda wakaifunga kabisa. Huenda wakanifukuza kama mbwa."

"Nitakuja. Nitamwambia Denis mwenyewe nilichofanya, na mkubwa wake pia. Nitasimama hapo mpaka wafungue."

"Utasimama nyuma yangu. Mimi ndiye nitakayesema."

"Nyuma yako," Loris akakubali. Kisha, kwa sauti ambayo karibu isisikike: "Na harusi, Viorica?"

Alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia zile nywele zilizochanwa kwa maji mpaka viatu vilivyokanyaga tope la kuvuka barabara. Shaka bado ilikuwamo kifuani, ndogo, kama mwiba uliozama wote. Akanyoosha mkono, si kushikwa, bali kupokea barua yake. Loris akampa kwa mikono miwili.

"Harusi ina wiki tatu," akasema Viorica. "Benki ina saa kumi na nane. Tuanze na iliyo karibu."